Kwa Atakaye Kutunga Programu na Ramani za Maji

Ikiwa wewe, msomaji, ni karani wa maji wa wilaya, au mwalimu wa hisabu mwenye kompyuta moja ya shule, au kijana aliyemaliza chuo akachoka kungoja ajira, na ukawa umeingiwa na shauku ya kujifunza kutunga programu na kuchora ramani zitakazosaidia kuyatunza maji ya mahali unapokaa, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako. Na kabla hatujafika mbali nakuomba jambo moja, nalo ni kwamba uiache kompyuta imefungwa kwa siku mbili, uchukue daftari, kalamu na kamba ndefu yenye fundo kila nusu mita, uende ukasimame kwenye kisima kilicho karibu na nyumba yako. Sisemi hivi kwa kuidharau kompyuta, ambayo kwangu ni chombo cha riziki. Nasema hivi kwa sababu wengi niliowaona wakianza na kompyuta, baada ya mwaka mzima wanajua namna kumi za kuipaka ramani rangi ya buluu, na bado hawajui kama ile buluu waliyoipaka ni maji ya chumvi au ni maji baridi, yale ambayo wazee wa mwambao huyaita maji ya pepo.

Mifano yangu nitaichukua Pangani, mji mkongwe wa mkoa wa Tanga, kwa kuwa hapo mto, bahari na visima vimekutana mahali pamoja, na kila kosa awezalo kulifanya mwanafunzi wa kazi hii hujidhihirisha upesi. Wewe utatia kijiji chako mahali pa Pangani, ukiwa unakaa Bukoba au Kitui au Bujumbura, na hesabu itakuwa ile ile. Na jambo nitakalolirudia hata pengine ulichoke ni hili: usiulize kama kipimo chako ni sahihi, maana kipimo kisicho na hitilafu hakijapata kuwako, uliza kimekosea kwa kadiri gani, na kadiri hiyo ina uzito gani mbele ya jambo unalolitafuta.

Siku ya tatu, utakapoifungua kompyuta, usianze na ramani. Anza na paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huwa lita 1 kamili ya maji, jambo sahili ambalo wengi tuliopita shule hatukuambiwa, nalo ndilo mlango wa hesabu zote za mvua. Basi paa la bati lenye mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 10, lingepaswa kutoa lita 600. Lakini bati lililochomwa na jua hukausha matone ya kwanza, mfereji wa paa huvuja kwenye maungio, na mvua ya upepo hurushwa nje, hata kile kinachofika birikani kikawa pungufu, na mafundi aghalabu hukisia kuwa sehemu nane katika kumi ndizo zifikazo. Kwa lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991, na ambayo hupatikana bure, hesabu hiyo yote ni mstari mmoja:

lita = eneo * mvua * 0.8

Ukishauandika mstari huo, ipe kompyuta orodha ya mvua ya kila siku ya mwaka mmoja, uiamuru ijaze birika la lita 5,000, itoe lita 150 kila siku kwa nyumba ya watu sita watumiao lita 25 kila mmoja, kisha ikuambie ni tarehe gani birika litabaki tupu. Hapo utakuwa umejifunza, bila ya kuhisi kwamba umefundishwa, kigeu, sharti, kitanzi na kusoma faili, na sehemu kubwa ya kazi hii imesimama juu ya nguzo hizo nne. Birika lililojaa litakutosha siku 33 tu pasipo mvua, na tangu masika yaishe hadi vuli ianze ni miezi, kwa hiyo jawabu litakuhuzunisha. Lakini usiliache hapo. Badilisha 0.8 iwe 0.6, uiendeshe programu tena. Ikiwa tarehe ya kukauka imesogea siku mbili, kubishana juu ya kiasi cha upotevu ni kupoteza wakati. Ikiwa imesogea mwezi, panda ngazi ukautazame mfereji wa paa.

Sasa turudi kisimani. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na fomu nzuri yenye swali moja kuu, "Kinafanya kazi?", na majibu mawili, ndiyo na hapana. Asubuhi moja nilimkuta bibi mmoja akiteka, ndoo yake nyeupe ya plastiki imefungwa kamba ya katani iliyochakaa mahali pa mkono, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza swali langu. "Kinafanya, mwanangu," akasema, nami nikatia alama na kutoa mguu niende zangu. Bibi akacheka. "Mbona huniulizi kazi gani? Hiki cha kufulia. Cha kunywa tunakwenda msikitini."

Tangu siku hiyo swali lile sinalo tena. Nauliza maji ya kisima yametumika kwa nini jana, siyo hutumika kwa nini, maana mtu akiulizwa desturi hujibu kwa heshima na akiulizwa jana hujibu kwa kumbukumbu. Nauliza miezi gani hupungua, miezi gani huingia chumvi, ndoo moja huuzwa bei gani, na siku pampu ilipoharibika mara ya mwisho nani alitoa fedha ya vipuri na ilikaa siku ngapi bila kutengenezwa. Naandika kina cha maji kutoka ukingoni, na urefu wa ukingo wenyewe kutoka ardhini, kwa sababu ukingo ukijengwa upya na kuinuliwa, vipimo vyote vya zamani vitaonekana kana kwamba maji yameshuka. Na kila kisima nakipa namba, iandikwe kwa rangi kwa idhini ya mwenyewe, kwani majina hayadumu: kisima cha Mzee fulani huwa kisima cha mjane wake, kisha kisima cha mwembeni, kisha mwembe hukatwa. Fauka ya hayo, tofautisha daima sifuri na nafasi tupu. Sifuri ni jawabu, nafasi tupu ni kwamba hukupima. Usipoiambia kompyuta tofauti hiyo itazijumlisha pamoja, na kukutolea wastani wa uongo kwa macho makavu.

Juu ya tarehe nina aibu yangu mwenyewe ya kusimulia. Nilipata kuandaa jedwali la visima kwa ofisi moja, nikaandika tarehe kama tulivyozoea, siku kwanza, mwezi baadaye, na kompyuta ya ofisi hiyo ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Kisima nilichokikuta kikavu tarehe 3 Aprili, katikati ya masika, jambo la kutia wasiwasi, kikasomwa kuwa kilikauka tarehe 4 Machi, mwisho wa kiangazi, ambapo kukauka kwake si habari. Nacho kikaachwa, na watu wake wakaendelea kutembea hadi mwaka uliofuata. Hakuna aliyelaumiwa ila mimi, na ilikuwa haki. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu: 2024-04-03. Mtindo huo hauna tafsiri mbili, na una faida nyingine kwamba kompyuta ikiupanga kama maneno ya kawaida hutokea umepangika kwa wakati.

Programu za kukusanyia habari kwa simu, kama vile ODK na KoboToolbox, hupatikana bure. Fomu zake huandikwa katika lahajedwali la kawaida, nazo hufanya kazi pasipo intaneti, zikangoja mpaka simu ipate mtandao ndipo zitume. Siku moja yatosha kuzijua, sina haja ya kurefusha. Kinachotaka subira ni mahali. Ukisimama chini ya mwembe ukabonyeza mara moja, simu itakuandikia mahali hapo pamoja na kadiri ya kosa lake, labda mita 30. Toka hapo uende uwanjani, ngoja dakika moja au mbili, uitazame tarakimu ile ikishuka hadi 10, hadi 5, ndipo uhifadhi, na kadiri ya kosa uihifadhi pamoja na mahali, usiitupe kama watu wanavyotupa maganda.

Digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo anayekuandikia -5.4 amekupa mahali ndani ya kilomita 11, anayekuandikia tarakimu tano baada ya nukta amekupa mita 1, na anayekuletea tarakimu kumi na nne kutoka katika simu ya mkononi amekupa mapambo. Pangani iko karibu na latitudo -5.43 na longitudo 38.98. Ukiisahau alama ya kutoa, visima vyako vitaruka ikweta na kutua kusini mwa Ethiopia. Ukitanguliza longitudo palipotakiwa latitudo, vitaonekana Uhispania. Na vile ambavyo mpimaji hakuvijazia mahali, ikiwa programu imeweka sifuri mbili kwa niaba yake, vitakusanyika vyote baharini katika Ghuba ya Guinea, pale mstari wa Greenwich unapokutana na ikweta. Makosa haya yanachekesha, tena hayana madhara makubwa, kwa sababu hata mtoto akiona kisima cha Pangani kimekaa Uhispania atakuambia.

La hatari ni kosa dogo lenye sura ya ukweli. Ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zilizochorwa kwa ajili ya nchi zetu katika karne iliyopita zilijengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, hali simu yako inatumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Ukizichukua tarakimu za karatasi na kuzitia kama zilivyo katika ramani mpya, mahali patasogea kama mita 300, nyingi katika hizo kuelekea kaskazini. Kwa mtu anayetafuta wilaya ni sawa na bure. Kwa Pangani, kisima cha Bweni, kijiji kilicho ukingo wa kusini wa mto, chaweza kuonekana kimevuka maji usiku na kuketi mjini, na kompyuta haitalalamika. Kwa hiyo jedwali lolote ulilorithi, kabla hujalichora, uliza limetoka kwenye msingi gani. Na kama aliyelitunga hayupo wa kuulizwa, chagua visima vitatu unavyovijua, uviendee uwandani na simu yako, uone vimesogea kiasi gani na upande upi.

Ramani yenyewe utaichora kwa QGIS, programu ya bure ambayo Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002 na ambayo leo hutunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Katika programu hii kila jambo ni tabaka: tabaka la visima, tabaka la mito, tabaka la njia, tabaka la nyumba, moja juu ya jingine. Wanafunzi wote hupenda kuanza na rangi, nami siwazuii, ila somo la kwanza lenye manufaa ni kuhamisha ramani kutoka digrii kwenda mita. Tanzania imelala juu ya kanda tatu za mfumo wa UTM, ule unaopima mahali kwa mita, ya 35, ya 36 na ya 37, zote upande wa kusini, na Pangani imo katika ya 37. Usipohamisha, ukaiambia programu ikuchoree duara la 400 kukizunguka kisima, itachora duara la digrii 400, yaani zaidi ya mzunguko mzima wa dunia, na utashangaa kwa nini kijiji chote kimepata maji.

Hiyo 400 sikuitaja ovyo. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kwamba mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ni kipimo chepesi kukichora, na wepesi wake ndio fitina yake, kwani duara huvuka mto kama ndege, hupanda genge, hupita katikati ya ua wa jirani asiyetaka kupitiwa, na mwenye ndoo kichwani hana mbawa. Hapa lile kosa la mita 5 la simu yako halina maana yoyote. Kosa lililo kubwa ni la kudhani kwamba umbali ni mstari ulionyooka. Chora njia. Zitembee wewe mwenyewe simu ikiwa imewashwa, kwa mwendo wa mtu aliyejitwika lita 20, kisha uiache QGIS ipime kwa kufuata njia hizo. Utaona duara lako zuri limekuwa umbo lenye pembe na mapengo, mfano wa jani lililoliwa na viwavi, na waliomo katika mapengo hayo ndio watu uliokuwa ukiwatafuta.

Njia hizo usizifiche katika kompyuta yako. OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanza Uingereza mwaka 2004 na ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuiongezea na kuitumia, ina nafasi ya kuzipokea, na watu wetu wameshaonyesha namna ya kufanya: mwaka 2011 wanafunzi na wakazi waliichora Tandale ya Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2015 kazi iliyoitwa Ramani Huria ikaendelea katika kata nyingine za jiji, kwa minajili ya mafuriko, mfereji kwa mfereji, wenyeji wakieleza maji hufika wapi ukutani mvua kubwa ikinyesha. Alama ya tope ukutani ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyoviona vikinunuliwa.

Sasa nifike kwenye urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, ambapo nataka uwe na hadhari kuliko pote. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na matunda ya safari ile, yaitwayo SRTM, hupatikana bure katika miraba ya kiasi cha mita 30. Ni neema kubwa. Kwa kutumia vipimo vile QGIS itakuonyesha mvua iliyoanguka juu ya kila mteremko inatiririkia wapi, na utaliona bonde zima la Pangani likijichora mbele yako: maji ya Kilimanjaro na Meru yanayoshuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakashuka mpaka maporomoko ya Hale, yakaja kuingia baharini penye mji wetu. Utaona pia kwamba mipaka ya wilaya haina habari na mipaka ya maji, na kwamba mkulima afunguaye mfongo wake wa kumwagilia kwenye mteremko wa Kilimanjaro na mvuvi wa Pangani wanakula sahani moja bila ya kujuana. Ndiyo sababu Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na la Pangani lilikuwa la kwanza kupata ofisi yake, mwaka 1991.

Lakini vipimo vya SRTM vina makosa ya mita kadhaa, na rada ile, ilipopita juu ya mwambao, mara nyingi ilipokea mwangwi kutoka makuti ya minazi na vilele vya mikoko, ikahesabu majani kuwa ardhi. Mlima wenye mita 5,895 hautikiswi na kosa la mita 6. Tangi lako la kijiji hutikisika: kila mita 10 za mwinuko hutoa shinikizo la kiasi cha baa 1, na ikiwa tangi limezidi kilula kwa mita 8 tu, basi kosa la mita 6 ni tofauti ya maji yanayoruka na maji yanayodondoka. Programu ya EPANET, iliyotolewa mwaka 1993 na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, na ambayo ni ya bure, itakukokotolea shinikizo la kila bomba vizuri kabisa kutoka katika miinuko ya uongo uliyoipa. Kodi mpima ardhi kwa siku moja. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kufukua bomba.

Na visimani hali ni nyembamba zaidi. Karibu na bahari maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Na Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ziko kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Zingatia maana yake. Mtu akifunga pampu na kuyashusha maji ya ardhini kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi, ukipewa muda, hupanda mita 20. Jambo unalolitafuta hapa hupimwa kwa sentimita, na ramani yenye kosa la mita kadhaa haiwezi kuliona kabisa, hata ikipakwa rangi gani. Hata ile kamba yenye fundo kila nusu mita niliyokutuma nayo mwanzoni haitoshi tena. Ilikuwa ya kukuzoesha. Tafuta utepe wenye sentimita, uufunge kizito mwishoni, usikilize unapogusa maji, na upime alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka, kwa sababu kisima kilichotekwa ndoo thelathini hueleza habari za ndoo, siyo habari za ardhi. Kipima chumvi cha mkononi, kile kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, si ghali, nacho hukusomea tarakimu mara moja; pasipo nacho, ulimi wa bibi yule wa ndoo nyeupe ni ithibati ya kutosha, mradi umwulize mara kwa mara na uandike tarehe.

Utakapokuwa na vipimo vya mwaka mmoja vya kisima kimoja, usivichore kwenye ramani. Iambie Python ichore mstari, tarehe chini, kina cha maji pembeni, na mvua ya kila wiki juu yake, ambayo kama kituo cha hali ya hewa kiko mbali waweza kuipata katika CHIRPS, kumbukumbu za mvua zilizounganishwa kutoka satelaiti na vipimo vya ardhini tangu mwaka 1981, katika miraba ya kiasi cha kilomita 5. Utayaona masika yakiingia kisimani siku chache au wiki nyingi baada ya kunyesha, na uchelewaji huo utakueleza juu ya ardhi ya kwenu mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Juu ya kujenga chombo cha kutumiwa na wengine nitasema machache, kwa kuwa wengi hukimbilia huko mapema mno. Kabla ya kutunga ukurasa wa intaneti wenye ramani ya kubonyeza, chapisha ramani ya karatasi moja kila mwezi, ibandike kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, usimame pembeni usikilize wanaoisoma. Watakuonyesha kisima ulichokisahau, watakubishia jina, watakuuliza kwa nini kile kilichotengenezwa wiki iliyopita bado ni chekundu kama kibovu; na swali hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe, maana lazima pawepo mtu mwenye jina na simu ambaye ni wajibu wake kubadilisha rangi ile. Akikosekana huyo, usijenge. Majina na namba za simu za watu uliowahoji yasitoke katika jedwali lako la siri. Jedwali la asili lisiguswe kamwe; kila marekebisho yafanywe na programu juu ya nakala, ili kesho mtu akikuuliza tarakimu hii imetoka wapi uweze kumwonyesha mstari uliofanya hivyo.

Mafunzo ya kazi hii mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na hilo lisikuvunje moyo, wala lisikufanye utunge kwa Kiingereza. Viite vigeu vyako kina_cha_maji, mwezi_wa_chumvi, siku_bila_pampu. Kompyuta haijali lugha, na atakayekirithi chombo chako, ambaye huenda akawa mtunza pampu mwenye elimu ya darasa la saba, atajali sana. Uwe na daftari la istilahi zako, uandike neno walitumialo wateka maji wenyewe, hata kama kamusi ina jingine.

Kwa Jumamosi ya kwanza, visima vitano vyatosha. Chukua kamba, uende alfajiri, umwamkie utakayemkuta kabla ya kumwuliza lolote, na tarehe uiandike kwa kuanza na mwaka.